Chumvi Tuliyoapa Kutoila

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka mguse kitanda, maana sauti niliyobaki nayo haifiki ukutani, na haya nitakayoyasema nimeyabeba miaka ishirini na minne na sina nguvu ya kuyasema mara mbili. Devshi, mwanangu, kaa hapo miguuni. Kanku, binti yangu, wewe kaa upande wa kichwa, nataka niione shingo yako ninapozungumza. Jalpa, mjukuu wangu, weka simu chini ushike kalamu. Wakubwa wa wilaya wanaokuja Alhamisi hawatazami simu, wanatazama karatasi iliyopigwa dole gumba. Na mlango uacheni wazi. Shemeji yangu Valji amekaa barazani, namsikia anavyokohoa. Hajakanyaga ndani ya nyumba hii tangu alipotoka jela, na leo sitamlazimisha, lakini nataka asikie.

Tuanze na mali, kwa kuwa ni kidogo na haitatuchosha. Majaruba ya chumvi kumi na manne kule jangwani hayana hati na hayajawahi kuwa nayo. Ni yetu kwa sababu baba yenu na baba yake waliukanyaga ule udongo kwa nyayo zao, msimu baada ya msimu, mpaka ukakaza ukaweza kushika maji ya chumvi. Devshi, hayo ni yako, pamoja na pampu ya jua na mareki yote, isipokuwa lile reki refu la baba yenu, ambalo ni la Valji na lilikuwa lake tangu zamani, sisi tulilikalia tu. Nyati ni wa mke wako, usimuuze bila kumuuliza, yeye ndiye anayemkamua. Vikuku vyangu vya fedha ni vya Kanku. Chumba cha nyuma nacho ni cha Kanku siku yoyote atakayokuja, na asiulizwe anakaa mpaka lini. Hayo yamekwisha.

Sasa chumvi.

Jalpa, wewe hukuwa umezaliwa, kwa hiyo nitaeleza kama namweleza mgeni. Kwetu mtu aliyekula chumvi ya mwenzake hasimami mbele ya watu kutoa ushahidi dhidi yake. Hakuna mahali palipoandikwa, lakini hata mlevi wa kijiji hiki analijua. Ndiyo maana kampuni ilipokuja kuchukua upande wa magharibi wa jangwa, kitu cha kwanza walichotuletea kila Diwali kilikuwa boksi la peremende na juu yake pakiti mbili za chumvi yao, nyeupe, laini kama unga, yenye picha ya tausi. Watu walicheka. "Wanatuletea chumvi sisi? Mwakani watawaletea samaki maji!" Walicheka, lakini waliila, maana ilikuwa ya bure, na ilikuwa fahari mgeni kuiona mezani.

Kisa cha tuta mnakijua, au mnadhani mnakijua. Ilikuwa Februari, chumvi yetu imeshafikia ukubwa wa jino la mtoto, imebaki kama mwezi tuvune. Mfereji wa serikali ulipasuka huko juu, maji matamu yakaingia jangwani, yakaanza kujaa upande wa kampuni nyuma ya tuta lao. Alfajiri ile mimi nilikuwa nimekwenda kisimani kuzima injini ya pampu, siku hizo ilikuwa ya dizeli. Jua lilikuwa limeshatoka kidole kimoja. Hakukuwa na ukungu. Andika hilo, Jalpa, hakukuwa na ukungu. Niliona tingatinga la kampuni limepanda juu ya tuta, na mtu mwenye kilemba chekundu analiongoza kwa mkono, njoo, njoo, hapo hapo. Lilichota mara mbili. Mara ya pili tuta likakatika, na maji yote yakageukia kwetu ili chumvi yao ipone. Familia thelathini na moja zililala na chumvi zikaamka na tope.

Nilipiga mayowe nikakimbia kuwaita watu. Valji ndiye aliyekuwa karibu. Alikimbia na jembe lake kwenda kuziba lile pengo, mtu mmoja na udongo, mbele ya maji yale. Tingatinga lilikuwa limeshaondoka. Walinzi wa kampuni walimkuta juu ya tuta lililokatika, jembe mkononi. Walimpiga mpaka mguu wa kushoto ukavunjika, kisha wakampeleka polisi wakasema yeye ndiye aliyelikata.

Baada ya siku kumi baraza letu la kijiji lilikaa. Tuliapa. Kila mtu aliweka punje ya chumvi yake mwenyewe kwenye ulimi, akasema kwamba mpaka Valji atakapoachiwa na tuta litakapoondolewa, ya kampuni haitapita kooni mwake. Haikuwa hasira tupu, wanangu, ilikuwa na akili. Kesi ilikuwa inakuja, na sisi tulitaka kwenda kwenye kesi ile na midomo isiyodaiwa. Na shahidi tulikuwa naye mmoja tu. Mimi.

Kanku, ninyweshe maji kidogo. Inatosha.

Kesi ililetwa kwa mkuu wa wilaya mwezi wa Juni, joto lile la kabla ya mvua ambalo hata mbwa hawabweki. Tulifika mapema, tukaambiwa tungoje kwenye ukumbi. Baba yenu alikwenda kumtafuta wakili. Mhudumu wa ofisi, mwanamke wa makamo, alinitazama akasema, "Dada, utaanguka hapo. Njoo huku kwenye feni." Akanipeleka kwenye kichumba chao cha chai, akanimiminia mtindi wa maji kutoka kwenye mtungi, wa baridi, uliotiwa bizari na chumvi. Nikanywa kikombe cha kwanza bila kupumua. Nikanywa cha pili. Alipokuwa ananimiminia cha tatu ndipo nilipoinua macho nikaona rafu iliyo juu ya mtungi, na kwenye rafu pakiti imekatwa pembe, na kwenye pakiti tausi.

Nilimuuliza, "Dada, mtindi huu umeutia chumvi gani?"

Akacheka. "Chumvi ni chumvi, dada. Ya dukani."

Wakaniita dakika ile ile. Mkuu wa wilaya alikuwa kijana mstaarabu, hakunikaripia. Alisema, "Mama, wewe ndiye shahidi wa huyu Valji?" Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa." "Haya, tuambie. Asubuhi ile uliona nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa bado nauhisi ule mtindi kwenye meno. Nilijiambia, Labhu, umeshakula chumvi yao, vikombe viwili, kwa hiari yako, ukashukuru. Ukisimama hapa ukawashtaki, wewe ni nani? Na kiapo cha baraza nimekivunja, na mbele yangu wamekaa watu wa baraza safu nzima. Vitu viwili vilinikaba kwa pamoja na sikujua kipi ni kipi. Nikasema, "Sikuona kitu, mheshimiwa. Kulikuwa na ukungu."

Valji alinyanyuka na mguu wake wa gongo. "Shemeji! Ukungu gani? Mwambie kuhusu tingatinga! Shemeji, si uliniambia mwenyewe?" Askari akamkalisha. Mimi nilitazama sakafu.

Alifungwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Safari ya kurudi haikunipa ujasiri wa kusema kweli, wala usiku ule. Ndani ya basi, tulipopita kituo cha reli, baba yenu akaniuliza taratibu, "Uliogopa?" Nikasema, "Niliogopa." Ulikuwa uongo mwepesi, kila mtu aliuelewa, mwanamke wa jangwani mbele ya wakubwa, nani asingeogopa. Wengine walisema kampuni ilinihonga, na baba yenu aligombana nao. Hakuna aliyesema mtindi. Hayo ndiyo mnayoyasikia leo kwa mara ya kwanza, na wewe barazani, Valji, unayasikia kwa mara ya kwanza. Sikunyamazishwa na woga. Kampuni haikunipa kitu. Nilinyamazishwa na vikombe viwili vya mtindi, na mwanamke aliyenipa hakuwa na nia yoyote ila kunihurumia.

Kaa, Devshi. Usitoke. Hasira yako itangoja, mimi siwezi kungoja.

Sasa mtaelewa kwa nini baada ya pale nilikuwa mkali kuliko wote. Mlidhani mama yenu ni chuma. Nilikuwa mtu aliyefunga mlango kwa makufuli manane baada ya mwizi kuondoka na kila kitu. Kampuni ilipoanza kuuza chai, nikaikataa chai. Wakanunua kiwanda cha sabuni, tukafua kwa magadi. Wakaingia kwenye biskuti, kwenye mafuta ya kula, kwenye dawa ya meno. Jalpa, wewe ulijifunza kusoma kwa kugeuza pakiti nyuma na kutafuta yale maandishi madogo chini kabisa. Watoto wengine walikuwa na kitabu chenye picha ya tembo, wewe ulikuwa na biskuti ambazo ulizisoma na hukuruhusiwa kuzila. Popat mwenye duka akiniona alikuwa anatandaza mikono: "Mama Labhu, leo nikuuzie nini? Hewa? Hata hiyo sina hakika kama hawajainunua." Nilikwenda harusini na chumvi yangu imefungwa kwenye pindo la sari. Nilikataa chakula cha dada yangu mwenyewe siku ya matanga yake, na hilo siwezi kulitengeneza tena.

Na harusi yako, Kanku. Mpishi wa upande wa mume alikuwa ametia chumvi ya tausi kwenye sufuria ya dengu za watu mia mbili. Mimi niliipindua. Mbele ya wageni, dengu zikatiririka mpaka kwenye viatu vya mkwe. Mama mkwe wako akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Jamani, huyu mama hakuolewa na mtu, aliolewa na jaruba!" Watu walicheka, na wewe ulikuwa chini ya shela, niliona mabega yako yanatikisika nikadhani nawe unacheka. Ulikuwa unalia. Nilijua baadaye, sikusema pole. Ila leo nasema. Pole, mwanangu.

Halafu nikakuapisha. Nikakwambia hata kwa mumeo usile ya pakiti, na kila mwaka nikakutumia gunia dogo la chumvi yetu kwa basi. Ukatii, kwa kuwa wewe ndiye mtiifu kati ya watoto wangu. Nesi wa kule alipoona shingo yako imeanza kuvimba alikwambia chumvi yetu haina madini joto, kula ya pakiti, ni dawa. Ulinipigia simu kuniuliza. Kuniuliza! Nikasema vumilia, ni gesi. Rovu hilo si gesi na si Mungu, ni mimi. Nililipanda mwenyewe kwenye koo la binti yangu ili nisilitazame langu.

Maji. Hapana, bado. Acha kwanza nimalize.

Wengine wote waliacha kususia mmoja mmoja na sikuwalaumu kwa sauti, niliwalaumu kwa macho. Mzee Dudha aliacha kwa sababu ya meno, hayakuziweza tena punje zetu ngumu. Nyumba ya pili kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Mwishowe tulibaki sisi, na hata sisi, Devshi, pakiti iliyoko nyuma ya pipa la unga wa uwele nimeijua tangu mwaka juzi. Usiiname. Nilikuwa nainusa kwenye mchuzi na nilikuwa nimechoka mno kugombana.

Lakini wiki iliyopita ulisema neno lililonitoa usingizi wangu wote. Ulirudi kutoka kwenye kikao cha kijiji ukamwambia mkeo, ukidhani nimelala, kwamba kampuni inaomba tuta liongezwe mpaka majaruba ya mashariki, kwamba Alhamisi wakubwa wanakuja hapa kuwasikiliza watu, na kwamba hakuna atakayesema. "Kijiji kizima kinakula chumvi yao," ulisema, "nani atainua uso?" Hapo ndipo nilipoona kwamba ugonjwa wangu wa vikombe viwili umewashika wote. Tulisusia ili tuweze kusema. Tukaja tukasahau kusema, tukabaki kuhesabu nani kala na nani hajala. Kampuni haikuhitaji kutufunga midomo, tulijifunga wenyewe, kisha tukachunguzana mafundo.

Na Jalpa alikuwa ameniambia zamani. Ulikuwa na miaka minane, umekaa na pakiti ya tausi mkononi uliyoiokota, ukaniuliza, "Bibi, kampuni inaitoa wapi chumvi?" Nikakupiga kofi, nikasema tupa. Lilikuwa swali zuri nami nilikupiga. Inaitoa wapi? Nyingi inainunua kwa wachuuzi, na wachuuzi wanaichota hapa, kwenye majaruba haya, ikiwa kubwa na ya kijivu, kisha wao wanaiosha, wanaisaga na kuibandika ndege. Nyayo zangu zimo ndani ya zile pakiti. Kwa hiyo kama ni kweli aliyekula chumvi ya mtu hawezi kusimama dhidi yake, basi nani alikula ya nani? Wao ndio waliokula yetu, miaka yote, na bado walisimama wakamshtaki Valji. Na mimi nilikunywa vikombe viwili vya jasho langu mwenyewe, nikajiona mdeni.

Kanku, kale kabakuli nilikokuambia asubuhi ukapike, kalete. Ndiyo, ka dengu, kalikotiwa ile ya nyuma ya pipa. Umetia? Umetia kweli, hukunionea huruma ukatia yetu? Nipe. Polepole, unamwaga. Nimekwambia nipe.

Jalpa, wewe tazama, uandike kwamba uliona. Mimi Labhu, mjane wa Ghela, nimekula vijiko vitatu vya chumvi ya kampuni, mchana, mlango wazi, na akili zangu ninazo.

Ni nzuri. Ni chumvi tu. Mungu wangu, ni chumvi tu.

Sasa andika. Asubuhi ile hakukuwa na ukungu. Niliona tingatinga la kampuni juu ya tuta, na mtu wa kilemba chekundu akiliongoza. Lilikata mara mbili. Valji alifika baada ya maji kupita, na jembe lake lilikuwa la kuziba. Mbele ya mkuu wa wilaya nilisema uongo, hakuna aliyenilazimisha, na mtu asiye na hatia alifungwa kwa sababu yangu. Wakilirefusha tuta hilo, watalikata tena siku maji yatakapokuja, na familia za mashariki zitaamka na tope. Basi. Usipambe maneno. Acha yawe mafupi hivyo hivyo.

Alhamisi, Devshi, wewe ndiye utakayesimama kuisoma. Utaanza kwa kuwaambia kwamba unakula chumvi yao, kabla wao hawajakutajia. Halafu utasoma. Ukimaliza, mtu wa pili ataona inawezekana, na wa tatu hatahitaji kusukumwa. Msinisimulie kama shujaa, mimi si shujaa wa kitu chochote.

Na kuhusu kiapo. Kanku, wewe utakula ya pakiti kuanzia leo, na utakwenda hospitali kubwa, na Devshi atakupeleka. Hiyo ni amri. Wengine mle au msile, nawafungua. Anayetaka kuendelea kuwasusia, awasusie kwa kuwa mkono wake hautaki kuwapa kitu, na hilo ni jambo jema, mimi mwenyewe sabuni yao sitaki nioshwe nayo. Lakini asimpime jirani yake kwa hilo. Na asile wala asiache kula kwa kuogopa mdomo wake. Mdomo ni wa mwenyewe, hata ukiwa umejaa.

Siku mtakaponichoma kwa kuni, miguu yangu haitaungua. Mliona ya baba yenu. Miguu ya watu wa chumvi moto huiacha. Msiongeze kuni, mtaharibu kuni tu. Ikusanyeni, muizike kwenye jaruba la mwisho upande wa tuta, mmwage chumvi yetu juu, ile kubwa, ambayo haijasagwa.

Pumzi... ngoja.

Devshi, uwe na watu wa kukuambia ukweli na uwe na masikio. Kanku, shingo yako inywee, usiku wako uwe mtamu, na mtu akikuagiza jambo la kukuumiza, hata akiwa mama yako, mwambie hapana. Jalpa, uulize, uzidi kuuliza, na atakayekupiga kofi mkono wake uchoke. Valji... shemeji. Wewe sikubariki. Wewe nakuomba radhi tu. Si lazima unijibu.

Nani huyo anasimama? Nasikia gongo.

Mpisheni. Mpeni kiti... si hicho, kirefu, mguu haukunjiki. Usiseme kitu, shemeji, kaa tu. Kuna shahidi wa pili anahitajika kwenye karatasi.

Lete wino, Jalpa. Shika mkono wangu. Hapa? Chini zaidi. Bonyeza wewe, mimi sina... bonyeza.

Imetoka? Mistari inaonekana?

Kanku, hapana, usinipanguse. Acha kidole. Nataka kwenda nao huo wino.